Kuwasha Pampu ya Voi Ukiwa Mombasa

Nyumba nyingi za Voi zina matangi mawili. Moja liko chini, karibu na geti, nalo hupokea maji ya mfereji yanapofika kwa zamu. La pili liko juu ya mnara wa vyuma, nalo hugawa maji jikoni na bafuni. Kati yao kuna pampu. Mwenye nyumba huenda anafanya kazi Mombasa au Nairobi, na nyumbani amebaki mama mzee na kijana wa kusaidia kazi. Maji yakija saa nane za usiku na pampu isiwashwe, asubuhi hakuna ya kuoga. Ikiwashwa na kusahaulika, tangi la juu hufurika. Na tangi la chini likikauka huku pampu inazunguka, mota huungua. Yote haya hutokea kando ya bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka maji Mombasa kutoka chemchemi za Tsavo Magharibi.

Kwa hiyo mtu wa Voi akiniuliza kuhusu nyumba inayoendeshwa kwa simu, mara nyingi anauliza habari za maji. Taa za rangi zitafuata baadaye. Jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia, kwa kuwa ushauri unaokuja ndani ya maboksi ya vifaa hivi umeandikiwa nyumba ambayo stima haipotei na bando haliishi. Nyumba ya Voi inahitaji kupangwa kwa namna nyingine: mtandao wa ndani uendelee stima ikipotea, na pampu ijue la kufanya intaneti ikipotea.

Tuanze na mtandao wa ndani. Vihisi vidogo vya betri kwa kawaida havitumii waifai, maana waifai hula betri haraka. Vingi hutumia Zigbee au Thread, mitandao miwili iliyojengwa juu ya kiwango kimoja cha redio, IEEE 802.15.4, kilichotolewa mwaka 2003. Redio hii ni ya maneno machache: hubeba biti 250,000 kwa sekunde, na pakiti moja haizidi baiti 127. Hiyo inatosha kabisa kusema tangi limefika nusu. Picha za kamera haziwezi kupita hapo. Kamera itabaki kwenye waifai au waya.

Faida yake ni kuwa mtandao wa wavu, au meshi kama mafundi wanavyouita. Kifaa chenye umeme wa kudumu, kwa mfano soketi au swichi iliyofungwa ukutani, hupokea ujumbe wa jirani na kuupitisha mbele mpaka ufike kwenye kifaa kikuu kilichounganishwa na kompyuta ndogo ya nyumba. Njia moja ikiziba, ujumbe hutafutiwa nyingine. Kihisi cha betri hakifanyi kazi hiyo. Chenyewe hulala, huamka kidogo, hutoa taarifa yake kwa kipitishi kimoja kinachohesabiwa kuwa mzazi wake, kisha hulala tena. Ndiyo maana betri ndogo kama sarafu inaweza kudumu mwaka na zaidi.

Hapa ndipo nyumba zetu zinapoushinda ushauri wa kwenye boksi. Soketi za Kenya zina swichi, na watu wengi huzizima kabla ya kulala au radi inapoanza. Anayehesabu tokeni huzima kila kinachozimika. Balbu ya kisasa nayo huzimwa ukutani kama balbu nyingine yoyote. Kila mara hilo likitokea, kipitishi kimoja kimetoka kwenye mtandao, na vihisi vilivyokitegemea hubaki vikiita mzazi asiyeitika. Baadhi hupata mzazi mwingine baada ya muda. Baadhi hung'ang'ania yuleyule mpaka mtu aje aviunganishe upya kwa mkono. Stima ya mtaa mzima ikipotea, vipitishi vyote huondoka pamoja, na hiyo ndiyo saa unayotaka sana kujua kama tangi lina maji.

Dawa yake haina gharama kubwa. Acha kutegemea balbu na soketi kuwa vipitishi. Chagua sehemu mbili au tatu muhimu, tuseme dari ya sebule, ukuta wa nyuma na mnara wa tangi, uweke pale vipitishi vidogo vinavyotumia volti 5 kutoka kwenye betri ya sola. Kipitishi kimoja hakifiki wati 1. Kompyuta ndogo, kifaa kikuu na ruta ya laini ya simu kwa pamoja huchukua takriban wati 10 hadi 12. Kwa usiku wa saa 12 hiyo ni kama wati-saa 144 kwa makadirio ya juu, na betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 256. Paneli ya kawaida ya nyumbani, kwa jua la Voi, huijaza mchana bila shida. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo usinunue kwa kusoma namba ya nje peke yake.

Kuna pia suala la kuta na mabati. Mawimbi ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa na redio hizi, yana urefu wa sentimita 12.5 hivi, na bati halipitiki. Nyumba kuu yenye paa la mabati, jiko la nje la mabati na tangi lililojaa maji katikati ni vizuizi vitatu kwa mpigo. Hata pakiwa wazi, redio inahitaji nafasi juu ya ardhi: kwa umbali wa mita 100, eneo linalotakiwa kuwa huru katikati ya njia lina nusu kipenyo cha karibu mita 1.8. Kipitishi kilichofungwa kwenye kigingi cha magotini kitahangaika. Kipandishe mita mbili na nusu, usikie tofauti. Kosa jingine linaloudhi kwa udogo wake ni kuchomeka kifaa kikuu moja kwa moja kwenye tundu la USB 3 la kompyuta. Tundu hilo hutoa kelele kwenye masafa hayohayo ya 2.4. Waya wa kurefusha wa mita moja huondoa tatizo. Na ruta ya waifai ikiwa kwenye chaneli 1 au 6, weka Zigbee chaneli 25, ambako kuna utulivu.

Shambani hesabu hubadilika. Mtu wa Sagalla, jirani na Voi, mwenye tangi mbali na nyumba hana haja ya kupanga vipitishi kumi porini. Atumie LoRa, redio ya masafa ya chini inayobeba maneno machache kwa kilomita kadhaa, mradi kusiwe na mlima katikati. Wataita wanalijua jambo hili bila kufundishwa: milingoti ya mawasiliano ilipandishwa kwenye kilima cha Vuria, kimo cha mita 2,208, kwa sababu kilima hufika pasipofikiwa na mtambo wa bondeni. Antena moja iliyo juu ya mteremko ni bora kuliko vipitishi vingi vilivyojificha vichakani. Tena huko kuna ndovu. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu takriban ndovu 15,000 katika eneo la Tsavo, na ndovu mwenye kiu huvunja bomba na kupindua tangi. Kihisi kinachokuambia saa nane za usiku kwamba maji yanashuka kwa kasi kina thamani yake. Ila hakimfukuzi. Kwa kazi hiyo wakulima wa Sagalla, wakishirikiana na Save the Elephants, wana uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga imeunganishwa kwa waya, ndovu akiugusa inatikisika, nyuki wanatoka. Hauhitaji chaji wala bando, na ningemshauri mkulima auweke huo kwanza, vihisi vifuate.

Sasa ufikie nyumba ukiwa Mombasa. Wengi huambiwa wafungue mlango kwenye ruta ili simu iingie kutoka nje. Kwa laini ya simu, mara nyingi haiwezekani. Anwani za intaneti za aina ya zamani zimekwisha, hivyo kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa hali ya ruta: ukiona anwani ya nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi hakuna mlango wa kwako wa kufungua. Mimi naona hilo ni heri. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizunguka intaneti ikitafuta kamera na ruta zenye nenosiri la kiwandani, ikaziteka kwa wingi, na mwezi Oktoba ikatumika kuangusha huduma za kampuni ya Dyn pamoja na tovuti kubwa zilizoitegemea.

Njia salama ni nyumba kupiga simu nje, wala si wewe kuipigia. Kompyuta ndogo ya nyumbani hufungua njia iliyofichwa kwa programu ya WireGuard kwenda kwenye seva yenye anwani ya wazi, simu yako nayo hufanya vivyo hivyo, mkakutana hapo. Kuiweka njia hiyo hai kwa ishara ndogo kila sekunde 25 hakumalizi megabaiti moja kwa siku. Asiyetaka kukodi seva atumie huduma kama Tailscale, inayofanya mpango huo kwa niaba yake.

Lakini njia hiyo iwe ya kutazama na kutoa amri za hapa na pale. Uamuzi wa pampu ukae Voi. Aprili 2022 kampuni ya Marekani ya Insteon ilizima seva zake bila kuwaarifu wateja, na programu za simu zilizotegemea seva hizo zikanyamaza. Kanuni ya tangi ni fupi, na kompyuta ya nyumbani inaitosha: washa la juu likishuka robo, zima likijaa, na zima mara moja la chini likikaribia kukauka. Hata hivyo, nisingeiachia kompyuta ulinzi wa mota. Funga boya la umeme kwenye tangi la chini, likate mkondo lenyewe, pamoja na swichi ya kawaida ukutani ambayo mama anaweza kuibonyeza bila simu. Kwa tahadhari, weka pia kifaa cha SMS chenye laini ya kampuni nyingine. Ujumbe mfupi hupenya mara nyingi ambapo data imekwama.

Fundi akimaliza, usimlipe salio siku hiyo. Siku utakayokuwepo mwenyewe, zima swichi kuu ya nyumba jioni na uiache hivyo mpaka asubuhi, kisha chomoa ruta kwa saa moja. Angalia kama kihisi cha mnarani kimeendelea kutoa taarifa usiku kucha, kama pampu imejizima maji yalipofika juu stima iliporudi, na kama kuna kifaa kilichohitaji kuunganishwa upya kwa mkono. Kikiwepo, kipitishi kilicho karibu nacho ndicho cha kuhamishiwa kwenye sola.