Ndege ya Porini (2): Ichague kwa Kuondoka, Si kwa Kutua

Juma lililopita tuliishia kwenye kiwanja chenyewe: ukanda wa nyasi au murram, mashimo ya ngiri, na swala wasiojua ratiba ya mtu. Leo tuje kwenye ndege.

Mnunuzi wa ndege binafsi kwa kawaida huanza kwa kuuliza inatua mahali pafupi kiasi gani. Ameona picha za mashindano ya Valdez, Alaska, ambako ndege iliyovuliwa kila kisichohitajika husimama ndani ya futi 20, naye anaitaka hiyo hiyo. Anasahau kwamba Valdez ni usawa wa bahari, kuna baridi, na ndani yumo rubani peke yake. Kutua pafupi ndege nyingi za aina hii zinajua. Kasheshe ni siku ya pili, saa saba mchana, una mgeni, mizigo yake na mafuta ya kurudia.

Chukua Seronera, katikati ya Serengeti, futi zaidi ya 5,000 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kama ya futi 7,800 hivi katika hali ya kawaida. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu zake, propela inakosa cha kukamata, na bawa linadai mwendo mkubwa zaidi kabla halijakubali kubeba. Kipima mwendo hakikuonyi: kinasoma namba zile zile ulizozoea pwani, ilhali ardhi inapita chini yako kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10 na ushei.

Tuipime Piper Super Cub kwa hesabu hiyo. Iliingia sokoni 1949: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwili wa mabomba uliovikwa kitambaa, na katika toleo linalojulikana zaidi, nguvu ya farasi 150. Uzito wake wa juu ni kilo 794. Ikiwa tupu, pamoja na vifaa, mara nyingi hufika kilo 500. Jaza tangi, ondoa kilo 98 nyingine. Zilizobaki hazifiki 200, yaani watu wawili na begi. Akija wa tatu, abaki. Lakini kwa doria ni hodari: huenda polepole, na rubani huona chini kushoto na kulia. Ndiyo maana Sheldrick Wildlife Trust huzirusha Tsavo, na ikumbukwe kwamba Voi, huko huko Tsavo, haifiki futi 2,000 juu ya bahari. Aviat Husky, iliyokuja 1987, ni kama mdogo wake mwenye farasi 180 na propela inayobadili pembe. Kwa nyanda za juu ningelipia farasi hao 30 bila kujadiliana.

Magurudumu manene ya mpira, ambayo sasa yamekuwa fasheni, yanafaa kwenye mawe ya mtoni. Kwenye nyasi zilizofyekwa ni uzito na ukinzani wa hewa wa bure.

Mwenye familia ataangalia Cessna. Ile 185, farasi 300, hubeba mzigo unaokaribia uzito wake yenyewe, lakini ina gurudumu la mkia. Sukuma mkokoteni kinyume, kitu kizito kikiwa nyuma ya magurudumu: ukipinda kidogo tu, uzito unataka kutangulia. Ndege nayo ni hivyo hivyo; rubani aliyelegea miguu anaona mkia umempita na ncha ya bawa inakwangua murram. Cessna 182 ya 1956 ina gurudumu la pua, hivyo hujinyoosha yenyewe. Ukiipigiza pua chini, au ikaingia shimo la ngiri, hukunja kiwambo kati ya injini na rubani, na fundi atakuomba fedha nyingi. Hata hivyo, kwa anayeruka mwishoni mwa juma tu, ningesema 182. Miguu isiyofanya mazoezi husahau haraka. Wakiwa sita, 206, yenye mlango mpana wa nyuma.

Tusisahau Dornier Do 27 yenye mistari ya pundamilia, waliyoitumia Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti. Ilikuwa bingwa wa viwanja vifupi. Januari 1959 Michael alikuwa peke yake ndani yake alipogongana na tai, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Ndege inayoweza kwenda polepole humvuta rubani karibu na ardhi, na tai nao wako huko huko.

Yabaki mafuta. Injini hizi nyingi hunywa petroli maalumu ya ndege, ambayo ni adimu kuliko mafuta ya jeti. 182 humaliza lita 50 hivi kwa saa. Ukilazimika kwenda nayo porini kwa madebe, nayo ni mzigo: iandike kwenye ile ile hesabu ya saa saba mchana.

Juma lijalo: ukaguzi wa ndege iliyotumika.