Muuguzi aliyepima usingizi wa wajawazito

Mimba ikifika mwezi wa tisa, usiku huwa mrefu. Ukilala chali unakosa pumzi, ukigeukia ubavu nyonga inauma, na kabla usingizi haujakuchukua vizuri mkojo umeshakuamsha. Ukilalamika asubuhi, mama mkwe au shangazi atakwambia ndivyo mimba zilivyo, vumilia, ukijifungua utalala. Wenye watoto wachanga wanajua kuwa hilo la mwisho nalo si kweli.

Kathryn Lee, muuguzi aliyekuwa profesa wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, Marekani, alitumia zaidi ya miaka 20 kulichunguza jambo hilo ambalo wengi hulimaliza kwa neno "vumilia". Alitaka kujua mwanamke analala saa ngapi hasa, usingizi wake unabadilika lini, na kama kukosa usingizi kuna matokeo yoyote siku ya kujifungua.

Huenda unajiuliza muuguzi anahusikaje na utafiti. Wengi wetu tunamjua muuguzi kwa sindano, kipimo cha presha na kadi ya kliniki. Lakini wapo wauguzi wanaoendelea na masomo hadi shahada ya uzamivu, kisha wakafanya utafiti kama wanasayansi wengine. Katika suala la usingizi wana faida moja: wao ndio wanaokaa wodini usiku kucha. Daktari hupita asubuhi, akaondoka. Muuguzi ndiye anayemwona mgonjwa akigaagaa saa nane za usiku, na mara nyingine ndiye anayelazimika kumwamsha ili ampe dawa. Yeye mwenyewe pia anapigana na usingizi.

Hata Lee, mojawapo ya tafiti zake za mwanzo ilihusu wauguzi wenzake. Mwaka 1992 alichapisha majibu ya wauguzi wanawake 760 walioulizwa kuhusu usingizi wao. Waliofanya kazi usiku, na wale waliobadilishwa zamu mara mchana mara usiku, walikuwa na matatizo mengi zaidi ya usingizi kuliko wenzao wa mchana. Kwa kazi hiyo alitumia orodha ya maswali 21 ambayo bado inatumiwa na watafiti. Haikuulizi kama unalala vizuri, kwa sababu kila mtu ana maana yake ya "vizuri". Inakuuliza: katika wiki iliyopita, ni siku ngapi ulichelewa kupata usingizi? Ni siku ngapi uliamka katikati ya usiku? Ni siku ngapi ulisinzia mchana? Jibu ni namba, kuanzia 0 hadi 7.

Kisha akageukia ujauzito. Hapo kulikuwa na ugumu. Ukimpima mwanamke akiwa tayari na mimba ya miezi saba, utajuaje alikuwa analala vipi kabla? Lee na wenzake wakatafuta wanawake waliokuwa wanapanga kushika mimba. Waliwapima kabla ya mimba, wakawapima tena katika kila kipindi cha miezi mitatu ya ujauzito, halafu mwezi mmoja na miezi mitatu baada ya kujifungua. Hawakuwalaza hospitalini. Vifaa vilipelekwa nyumbani kwao, nyaya ndogo zikabandikwa kichwani na karibu na macho ili kusoma mawimbi ya ubongo, na mwanamke akalala kitandani kwake mwenyewe. Kazi ya namna hiyo ni ya taratibu na gharama kubwa, ndiyo maana wanawake walikuwa wachache, thelathini na kidogo tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Mabadiliko yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ilipofika wiki ya 11 au 12, tumbo likiwa bado halijaonekana, wanawake walikuwa wanalala muda mrefu zaidi kuliko kabla ya mimba, lakini usingizi wenyewe ulikuwa mwepesi. Usingizi mzito, ule unaoupumzisha mwili, ulikuwa umepungua, na waliamka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mke anayelala mapema na bado anaamka amechoka si mvivu. Na hata miezi mitatu baada ya kujifungua, usingizi wao ulikuwa haujarudi kama zamani. Waliozaa kwa mara ya kwanza ndio waliopata shida zaidi katika wiki zile za mwanzo.

Kundi hilohilo lilionyesha jambo jingine, lililochapishwa mwaka 2001. Kuna hali ambayo mtu akilala, miguu inamsumbua kwa ndani, kama kitu kinatambaa au kinavuta, na hapati nafuu mpaka aichezeshe au ainuke atembee. Ikifika asubuhi imetulia. Hapa kwetu baadhi ya watu huihusisha na mambo mengine kabisa. Katika kundi la Lee, hakuna aliyekuwa nayo kabla ya mimba, lakini katika miezi mitatu ya mwisho ilikuwa imewapata 23 katika kila 100. Wanawake hao walichelewa kupata usingizi na walikuwa na huzuni zaidi. Walipopimwa damu, walionekana kuwa na kiwango kidogo cha foleti, vitamini inayopatikana kwenye mboga za majani na maharage. Baada ya kujifungua, karibu wote miguu ilitulia.

Kundi lilikuwa dogo, na utafiti mmoja hautoshi kusema kila anayesumbuliwa na miguu amepungukiwa na foleti. Upungufu wa madini ya chuma pia unajulikana kuhusiana na hali hii. Ila inafaa kukumbuka kwamba vile vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina vitu vyote viwili, chuma na asidi ya foliki. Wengi huvichukua, wakifika nyumbani wanaviweka juu ya kabati kwa sababu vinaleta kichefuchefu au vinabadilisha rangi ya choo. Kama vinakusumbua, mwambie muuguzi akuelekeze namna ya kuvimeza, usiviache kimyakimya.

Utafiti wa Lee uliozungumziwa sana ulitoka mwaka 2004, akiwa na mwenzake Caryl Gay. Wanawake 131 waliokuwa mwezi wa tisa walivalishwa kifaa kinachofanana na saa ya mkononi kwa saa 48. Kifaa hicho husoma mkono unavyotikisika, na kutokana na hilo hukadiria mtu amelala au yuko macho. Kisha watafiti wakasubiri kila mmoja ajifungue.

Waliokuwa wanalala chini ya saa 6 usiku walikaa na uchungu kwa muda mrefu zaidi. Pia uwezekano wao wa kujifungua kwa upasuaji ulikuwa mara 4.5 ukilinganisha na waliolala zaidi. Watafiti walizingatia pia uzito wa mtoto, maana mtoto mkubwa peke yake anaweza kurefusha uchungu. Na uchovu ambao wanawake wenyewe walisema wanausikia haukuhusiana na uchungu wala upasuaji. Kilichohusiana ni usingizi uliopimwa. Hapo ndipo unaona faida ya kile kifaa cha mkononi, kwa sababu mwanamke aliyezoea kuvumilia anaweza kusema hajachoka sana.

Je, ina maana kukosa usingizi ndiko kunakosababisha upasuaji? Utafiti huu hausemi hivyo. Umeonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja. Inawezekana kuna tatizo la tatu linalomnyima mama usingizi na pia kumfanya achelewe kujifungua. Kwa hiyo mama aliyefanyiwa upasuaji asilaumiwe kwamba hakulala, na mama anayelala vizuri asidhani anaweza kujifungulia nyumbani. Lee na Gay walitoa ushauri wa kiasi tu: wahudumu wa kliniki wawaulize wajawazito kuhusu usingizi, na mjamzito apewe nafasi ya kuwa kitandani saa 8 kila usiku.

Swali lililofuata lilikuwa kama muuguzi anaweza kusaidia. Lee alishirikiana na watafiti wa Canada wakiongozwa na Robyn Stremler, ambaye pia ni muuguzi. Mama wa uzazi wa kwanza alikaa na muuguzi akaelekezwa namna ya kupata usingizi na kumzoesha mtoto usiku, akapewa kijitabu, na baadaye akapigiwa simu kufuatiliwa. Katika jaribio la kwanza la mwaka 2006, lenye akina mama 30, waliopata huduma hiyo walilala usiku dakika 57 zaidi ya wenzao. Karibu saa nzima! Ungeweza kudhani dawa imepatikana.

Wakarudia kwa kundi kubwa, akina mama 246. Majibu yalichapishwa mwaka 2013: hakuna tofauti. Waliofundishwa na wasiofundishwa walilala sawa. Watafiti waliyatangaza matokeo hayo waziwazi, wakiwemo baadhi ya walewale waliotangaza mafanikio ya mwanzo. Kwa maoni yangu hilo linafaa kuheshimiwa kuliko zile dakika 57. Mtoto mchanga ana njaa yake ya usiku, na maelekezo peke yake hayamlishi. Mama anahitaji mtu wa kumpokea mtoto.

Hilo la kumpokea ndilo familia inaweza kulifanya, hata kabla mtoto hajazaliwa. Nyumba nyingi za kijijini, mjamzito ndiye wa kwanza kuamka kufuata maji na kuwasha moto, na ndiye wa mwisho kulala. Hesabu saa zake kuanzia anapojinyoosha hadi jogoo la kwanza, utaona kama saa 8 zinapatikana. Kama hazipatikani, ndoo za alfajiri zinaweza kubebwa na mwingine kwa miezi hii michache, baba akiwamo.

Na siku ya kliniki usiseme tu "silali". Taja namba, kama lile dodoso la Lee: wiki hii nimeamka siku 5, miguu imenisumbua siku 4. Usinunue dawa ya usingizi dukani ukiwa mjamzito. Na kama kinachokunyima usingizi ni maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba, au kutokwa damu, hayo hayasubiri siku ya kliniki. Nenda kituo cha afya usiku huohuo.