Rangi ya Sukari Hutoka Wapi

Sukari inayopimwa kwa kilo dukani mtaani Tanzania, iwe ya kiwanda cha Kilombero, Mtibwa au TPC Moshi, kwa kawaida ina rangi ya kahawia hafifu. Ile inayotiwa kwenye soda ni nyeupe pe. Wapo wanaodhani ya kwanza imetiwa rangi, kumbe ni molasi tu iliyobaki.

Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, ndiyo maana hukimbizwa kiwandani ndani ya siku moja au mbili. Huko hukatwakatwa na kukamuliwa. Makapi huchomwa kwenye boila, yakazalisha mvuke na umeme wa kiwanda chenyewe. Juisi hupashwa moto na kutiwa chokaa ili uchafu utuame, kisha huchemshwa hadi iwe nzito.

Upishi wa mwisho hufanyika kwenye matangi yaliyopunguzwa hewa, ambamo juisi huchemka kwa joto dogo bila kuungua. Fundi hutia punje ndogo mno za sukari, nazo hunenepa kadiri sukari iliyomo inavyozigandia. Rojo hiyo huingizwa kwenye mapipa yenye matundu yanayozunguka kwa kasi: molasi nyeusi hurushwa nje, punje husalia ndani zikiwa na utando mwembamba wa kahawia.

Sukari ya viwandani, ile ya kwenye soda, huyeyushwa upya, huchujwa na kugandishwa tena. Kwa kipimo cha rangi cha ICUMSA haitakiwi kuzidi 45, wakati ya kahawia hufika mamia kadhaa, hata kupita 1,000. Kwa miaka mingi Tanzania imeiagiza kutoka nje kwa ushuru nafuu, kwa ajili ya viwanda vilivyoruhusiwa. Ikipenyezwa madukani, ni magendo.

Sukari guru haitenganishwi na molasi hata kidogo. Magharibi mwa Kenya juisi huchemshwa kwenye makarai ya wazi, moto ukichochewa kwa makapi yaliyokaushwa, kisha humiminwa kwenye vibao vya kuumbia. Nyingine huishia kwenye pombe ya chang'aa.

Sukari ya unga ya kupambia keki ni nyeupe iliyosagwa, ikatiwa wanga kidogo isigandamane. Na ile laini ya kahawia ya supamaketi, inayouzwa ghali, mara nyingi ni sukari nyeupe iliyorudishiwa molasi baada ya gharama yote ya kuiondoa.