Fedha Nyekundu Inayochukia Mwanga

Kwa wakusanyaji wa madini, hakuna prustiti iliyozipiku zile za Chañarcillo, machimbo ya jangwa la Atacama kaskazini mwa Chile, ambako mkata kuni Juan Godoy aligundua fedha mwaka 1832. Ni fuwele nyekundu, zenye mng'ao wa almasi, na zaidi ya asilimia 65 ya uzito wake ni fedha tupu.

Prustiti ni salfosalti, yaani madini ambamo metali na salfa vimeungana na aseniki au antimoni. Hapa kila atomi 3 za fedha zimeshikana na 1 ya aseniki na 3 za salfa. Weka antimoni mahali pa aseniki, utapata pairajiriti, ndugu yake mwenye wekundu uliokolea zaidi. Aliyeyatenganisha madini haya mawili ni mkemia Mfaransa, Joseph Louis Proust, mwaka 1804. Mchimbaji hakuhitaji maabara: alisugua jiwe kwenye kigae kisichong'arishwa, na prustiti ikaacha mchirizi mwekundu wa kung'aa, pairajiriti ule wa kuelekea zambarau. Au alilichoma kidogo. Aseniki hunuka kama kitunguu saumu. (Moshi huo ni sumu, usijaribu.)

Madini yote mawili huzaliwa kwenye nyufa za miamba. Maji ya moto hupanda kutoka chini yakiwa yameyeyusha metali. Fedha husafiri humo ikiwa imejifunga na klorini au salfa. Yanapopoa, kuchemka au kuchanganyika na maji baridi, hushindwa kuibeba tena. Kwa kawaida risasi na zinki hutangulia kuganda, na salfosalti za fedha huja mwishoni, kwenye uwazi uliobaki katikati ya kwazi na kalisiti.

Taabu ni mwanga. Prustiti hupinda miali yake kuliko hata almasi, ndiyo maana inameta hivyo, lakini mwanga huohuo huivunja taratibu na kuacha tabaka jeusi usoni. Ndiyo sababu baadhi ya makumbusho huficha vielelezo bora gizani na kuwaonyesha watu vile vilivyokwisha kufifia, jambo ambalo mimi naliona ni haki kwa jiwe, ingawa si kwa mtazamaji.

Wanafizikia hawakukata tamaa. Katika miaka ya 1960 walianza kuotesha prustiti maabara ili kugeuza miale ya leza isiyoonekana, ile ya infraredi, kuwa mwanga unaoweza kupimwa kwa urahisi.