Jinsi Kijapani Kinavyopigwa Chapa

Apigaye chapa kwa Kiswahili hahitaji ila herufi zisizofika thelathini. Kijapani hakina wepesi huo. Huandikwa kwa kuchanganya alama za silabi za aina mbili, hiragana na katakana, kila aina ikiwa na alama za msingi 46, pamoja na alama za maneno zenye asili ya China, ziitwazo kanji. Orodha ya serikali ya Japani iliyorekebishwa mwaka 2010 ina kanji 2,136 za matumizi ya kawaida. Je, ni mashine gani itakayokuwa na vitufe vya kuzitosha zote?

Taipureta aliyoibuni Sugimoto Kyota mwaka 1915 ilikuwa na sinia la vipande vya chuma zaidi ya 2,000, na mpigaji alikitafuta kipande kimoja baada ya kingine. Njia mpya ilifunguka mwaka 1978, Toshiba walipotangaza mashine ya JW-10, yenye ukubwa wa meza ya ofisini. Siri yake ni hii: mtu aandike sauti, nayo mashine itafute kanji katika kamusi iliyomo ndani yake.

Kanuni hiyo ingali ikitumika. Mwanafunzi akipiga herufi za Kirumi h-a-s-h-i, kioo huonyesha silabi mbili za hiragana. Akibonyeza kitufe cha nafasi, huletewa orodha ya kanji: daraja, vijiti vya kulia chakula, ukingo. Kompyuta hukisia kwa kutazama maneno ya jirani, lakini uamuzi ni wa mwandishi. Asiyejua kusoma kanji haisaidii kitu orodha hiyo. Tena makini yahitajika tangu mwanzo. Neno kin’en maana yake ni kutovuta sigara. Mtu akipiga k-i-n-e-n, mashine huunga n na e, likatokea kinen, yaani ukumbusho! Hana budi kuipiga ile n ya kwanza mara mbili.

Katika simu ya mkononi, kitufe kimoja hubeba silabi tano. Kukigusa tu ni ka. Kidole kikitelezeshwa kushoto ni ki, juu ku, kulia ke, chini ko. Silabi hizi si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili, ila mpangilio wake ni a-i-u-e-o, si a-e-i-o-u tuliouzoea darasani.

Wepesi huu una gharama yake. Katika uchunguzi uliotangazwa na Idara ya Utamaduni ya Japani mwaka 2012, zaidi ya nusu ya walioulizwa walisema kwamba uwezo wao wa kuandika kanji kwa mkono umepungua. Wanazitambua wakiziona, lakini kalamu husita. Hata hivyo shule za msingi nchini humo hufundisha kanji 1,026 katika miaka sita, na watoto huziandika kwa penseli, mstari baada ya mstari, kwa utaratibu uliowekwa.