Supu ya baada ya Alfajiri ni fedha ya nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mwenye kuwaruzuku viumbe wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, mwenye kuujua mji wa Bukoba anajua kuwa asubuhi yake huanza mapema. Swala ya Alfajiri inapomalizika, mabasi ya safari ndefu huwa yameshawasha injini stendi. Siku ambazo meli ya kutoka Mwanza hufunga gati, abiria hupanda mjini wakiwa na mizigo yao na njaa ya usiku kucha ziwani. Msafiri, mchuuzi, dereva wa bodaboda na muumini atokaye msikitini hukutana mahali pamoja, nako ni mgahawani.

Karibu na msikiti wetu upo mgahawa mmoja wa namna hiyo. Hatuutaji jina, kwa kuwa hatukukusudia kuutangaza wala kuulaumu. Jiko lake huwashwa kabla ya adhana. Anayeingia hulakiwa na harufu ya chapati na mvuke wa sufuria ya supu ya kongoro. Zipo sambusa, maandazi na mihogo ya kuchemsha, na ipo katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage au utumbo, ambayo kwa mtu wa Kagera ndiyo kifungua kinywa hasa. Chai ya maziwa huja ikiwa na tangawizi. Ajabu ni kuwa sisi wa nchi ya kahawa, wenye kiwanda cha TANICA mjini petu, wengi wetu asubuhi huagiza chai.

Kwa miaka kadhaa sasa, wanakamati na baadhi ya waumini tumekuwa tukielekea hapo baada ya darsa fupi la Alfajiri. Hatuwezi kuukana wema wa mahali hapo. Juu ya meza zile tumepanga mazishi, tumechangia wagonjwa na kuwapatanisha waliogombana. Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake, na Sakhr al-Ghamidi, sahaba aliyeipokea dua hiyo, alikuwa mfanyabiashara ambaye alizoea kutuma bidhaa zake alfajiri na akaneemeka. Nasi tulijihesabu kuwa miongoni mwa wenye kuichuma baraka hiyo.

Ikafika siku ya mkutano wa waumini wote. Ilikuwa zamu ya katibu kusoma mihtasari ya vikao, na kila muhtasari ulitaja mahali pa kikao: mgahawani, baada ya Alfajiri. Upande wa akina mama akasimama mama mmoja mtu mzima, akaomba ruhusa ya kuuliza.

“Mwanangu katibu, supu hiyo hulipwa na nani?”

Tukamjibu kwa kujiamini: “Mama, kila mtu hujilipia. Hata senti moja ya msikiti haimo.”

“Alhamdulillahi, tumefurahi kuwa si fedha ya msikiti,” akasema. “Basi ni fedha ya nani?”

Akaketi. Akina mama wakacheka kwa upole, na sisi tukainamia makaratasi yetu. Hakuna aliyejibu, maana kila mmoja wetu alijua nyumbani kwake asubuhi ile watoto walikunywa nini kabla ya kwenda shule.

Baada ya mkutano tuliketi tukapiga hesabu. Supu shilingi 3,000, chapati mbili 1,000, chai ya maziwa 1,000. Jumla ni shilingi 5,000. Kwa siku sita za wiki ni 30,000, na kwa wiki nne ni 120,000. Baadhi yetu tulikuwa tukiacha nyumbani fedha pungufu ya hiyo kwa ajili ya asubuhi ya watu watano au sita, kisha tukishangaa kwa nini sukari haifiki mwisho wa mwezi. Kwa bei za soko letu, zile 30,000 za wiki zingetosha kununua lita moja ya maziwa kila siku na trei ya mayai, na chenji ikabaki.

Hatusemi kuwa kula mgahawani ni haramu. Chakula ni halali na fedha ni ya jasho. Lakini jambo la halali likila haki ya mwingine hugeuka dhulma. Wazee wetu wa Buhaya hutusimulia kuwa zamani wanawake ndio waliokusanya senene, na wanaume ndio waliowala. Sisi tuliosoma tukaiona mila ile kuwa ya zama zilizopita. Je, baba anayekunywa supu ya kongoro huku mama wa watoto wake akigawa chai ya rangi na kipande cha kiporo, ameiacha mila hiyo au ameihamishia mgahawani?

Sharia haikulinyamazia jambo hili. Hind binti Utba alipomlalamikia mumewe Abu Sufyan kuwa hampi matumizi yanayomtosha yeye na watoto, Mtume (S.A.W.) alimruhusu achukue katika mali ya mume kiasi cha kuwatosha kwa wema. Ilikuwa haki yake. Na alimfahamisha Saad bin Abi Waqqas kuwa matumizi atoayo kwa kutaka radhi za Allah yana malipo, hata tonge analomlisha mkewe. Tonge hilo huandikwa sadaka.

Lipo na jambo la pili, zito kuliko fedha. Katika madrasa zetu watoto huhifadhi hadithi ya Umar bin Abi Salama, aliyelelewa na Mtume (S.A.W.), ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume akamfundisha ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Sisi walimu huishia kwenye mafunzo hayo matatu. Mara chache tunajiuliza Mtume aliuona vipi mkono wa mtoto yule. Aliuona kwa sababu walikuwa wakila sahani moja. Baba ambaye kila asubuhi yuko mgahawani, mkono wa mwanawe atauona lini?

Basi tukaazimia mambo machache. Kikao cha kamati sasa hufanyika msikitini, na mgahawani tunakwenda mara moja kwa wiki. Kinachookolewa kinarudi nyumbani asubuhi. Na tulikubaliana kuwa tutakapokula nje safari ijayo, tutakula na familia.

Nafasi ilipatikana tulipoalikwa kwenye nikahi Muleba. Tuliondoka Bukoba baada ya Alfajiri, wake na watoto wakiwa nasi, tukapita Kemondo, na tulipofika Muleba tukaingia katika mgahawa mmoja wa kawaida. Tulimuuliza mwenye mgahawa kwa adabu nyama imechinjwa na nani, naye akatujibu bila kukasirika. Akaunganisha meza mbili pembeni, penye faragha kidogo kwa akina mama. Badala ya kila mmoja kuagiza bakuli lake, tuliagiza sahani kubwa za katogo, tukala kwa pamoja. Watoto walinawa, wakapiga bismillah kwa sauti iliyowageuza wateja wengine, na mmoja wao mkono wake ukazunguka sahani. Baba yake alikuwepo, akamwelekeza.

Mke wa mmoja wetu, ambaye mumewe amekuwa mteja wa supu kwa takriban miaka kumi, aliomba aionje. Akaonja, akatafakari, akasema: “Kumbe ndiyo hii? Mbona chumvi imezidi?” Tulicheka sote, na mumewe zaidi. Ila hatukumkosoa mpishi, kwani Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia kasoro chakula, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Wala bakuli lile halikuachwa. Lilizunguka meza nzima hadi likaisha.

Ndugu zetu akina baba, hatuwaiti muihame migahawa. Wenye migahawa ni ndugu zetu, nao wanatafuta riziki kwa jasho. Tunachoomba ni kuwa kabla ya kuagiza supu asubuhi, mtu ajiulize swali la yule mama. Mwenye jibu safi na ale kwa furaha. Asiyekuwa nalo arejee nyumbani kwanza. Huenda chai bado ina moto.

Tunamuomba Allah (S.W.) azibariki riziki zetu na azikutanishe familia zetu katika sahani moja. Amin.