Rimoti Ikikufa Uko Pate: Hivi Ndivyo Unasoma Misimbo Yake na Kuunda Yako

Cheki hii form. Uko Faza, game inaanza usiku, tivii iko fiti, stima ipo, mbogi imeshakaa kwa mkeka. Rimoti ndo imegoma. Ukiwa Nairobi unashuka tu Luthuli Avenue, unatoa chapaa, unarudi keja. Kisiwani Pate si hivyo, msee. Unapanda boti hadi Lamu, na boti zinafuata maji kujaa na kupwa, si haraka yako. Siku imeenda, nauli imeenda, na unaweza uziwa rimoti ya modeli ingine kabisa.

So leo tunabonga kuhusu misimbo, yaani zile namba rimoti inatuma ukifinya kitufe. Ukizijua, rimoti ikizama baharini haujapoteza kitu kikubwa.

Kwanza, hakikisha imekufa kweli

Pale mbele ya rimoti kuna taa ndogo ya LED. Inatoa infraredi, mwanga ambao jicho lako haliuoni. Kamera ya simu huuona. Washa kamera ya selfie, elekeza rimoti, finya kitufe. Ukiona kataa kanameta, rimoti iko hai na shida iko kwa tivii. Usipoona kitu, jaribu kamera ya simu ingine, juu kamera zingine zina kichujio kinachozuia infraredi.

Ikiwa bado ni giza, fungua pale kwa betri. Hewa ya chumvi hula zile springi mpaka zinaota kutu. Sugua na mswaki mzee na ndimu kidogo, pangusa, acha ikauke kabisa, weka betri mpya. Rimoti kibao hufufuka hapo tu.

Rimoti inabonga aje?

Jua linatoa infraredi, moto pia unatoa. Sasa tivii inajuaje hiyo ni rimoti na si jua la saa saba pale dirishani? Rimoti haiwashi taa yake tu hivi hivi. Inaiwasha na kuizima kama mara 38,000 kwa sekunde. Kipokezi cha tivii kinaskiza huo mtetemo peke yake, hizo zingine kinazipotezea.

Halafu huo mtetemo unakatwa vipande, kuna kuwaka na kuna kunyamaza. Mtindo maarufu unaitwa NEC, kutoka ile kampuni ya Japani. Unaanza na mlio mrefu wa milisekunde 9, kimya cha 4.5, alafu bit 32. Kila bit inaanza na mlio mfupi wa karibu milisekunde 0.56. Tofauti iko kwa kimya kinachofuata: kikiwa kifupi, 0.56, hiyo ni sifuri. Kikiwa kirefu, karibu 1.69, hiyo ni moja.

Watu wa Pate hii kitu wanaielewa kitambo. Ile siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, ambayo iko Makumbusho ya Lamu, ilikuwa ikipulizwa watu wajue kuna jambo kubwa. Ule mlio wa milisekunde 9 ndo siwa ya rimoti: "Skizeni, ujumbe unakuja."

Bit 32 zenyewe ziko mafungu manne: anwani ya kifaa, anwani hiyo ikiwa imegeuzwa, amri, na amri ikiwa imegeuzwa. Kugeuza ni kufanya kila 0 iwe 1, na kila 1 iwe 0. Kazi yake ni kukagua. Zisipolingana, tivii inajua ujumbe umeharibika njiani na haifanyi kitu.

Mfano wa kweli

Tivii nyingi za Samsung hutumia msimbo huu kuwasha na kuzima: E0E040BF. Inakaa kama pasiwadi ya WiFi, lakini ikate vipande. E0 ni anwani, imerudiwa mara mbili. 40 ni amri. BF ni hiyo 40 ikiwa imegeuzwa.

Ngori ni kwamba programu ingine itakuambia anwani ni 07 na amri ni 02. Zote ziko sawa. E0 kwa bit ni 11100000. Isome kutoka nyuma: 00000111, yaani 07. Wengine wanaanza kusoma kulia, wengine kushoto. Hapo ndo wasee wengi huchanganyikiwa wakidhani wamepata msimbo wa uongo.

Jinsi ya kuinasa

Tafuta jirani mwenye rimoti kama yako ingali hai. Unahitaji Arduino na kipokezi cha infraredi cha miguu mitatu, aina ya VS1838B au TSOP. Angalia karatasi ya kipokezi chako kabla ya kuunganisha, juu mpangilio wa miguu hubadilika na ukikosea utakiunguza. Weka laibrari ya IRremote, fungua mfano wa ReceiveDump, finya kitufe mara moja haraka, na uandike aina, anwani na amri.

Ukikawia kufinya utaona FFFFFFFF ama neno la kurudia. Huo si msimbo wa kitufe. NEC hutuma ishara fupi ya "endelea" ukiwa bado umefinya. Na namba zikibadilika kila ukifinya kitufe kile kile, toka kwa jua kwanza, alafu jaribu tena.

Si rimoti zote ni NEC. Sony hutumia 40,000 kwa sekunde, na RC-5 ya Philips 36,000. Rimoti ya eyasii ni stori ingine: kila ukifinya inatuma hali yote, joto, feni na modi, so ujumbe wake ni mrefu sana. Na rimoti zingine, kama za geti na za gari, ni za redio. Hapo infraredi haisaidii.

Kutuma sasa

Ukishapata namba, LED ya infraredi, rezista na hiyo Arduino zinatosha kuzituma. Ukitaka ifike mbali, ongeza transista. Ukiwa na simu yenye taa ya infraredi juu, kama Redmi nyingi, jaribu programu yake ya rimoti kwanza, hautahitaji waya.

Na hapa ndo kuna maana. Kuna bibi ambaye macho yamefifia na vidole vimekakamaa, na rimoti ina vitufe arobaini vidogo kama mtama. Wewe unaweza mtengenezea boksi la vitufe vitatu vikubwa: washa, sauti juu, sauti chini. Haombi mtu tena. Siyu iko kisiwa hicho hicho, na mafundi wake walijulikana kwa ngozi na panga. Huu ni ufundi pia, na hakuna atakayekuuliza digrii.

Usingoje rimoti ife. Leo ikiwa hai, nasa kila kitufe, andika kwa daftari, na uandike modeli ya tivii juu ya ukurasa. Mtaa mzima wakifanya hivyo, rimoti moja ikizama, daftari la jirani litaokoa.